Kuikagua Nishani ya Keya: Mwongozo kwa Warithi na Wakusanyaji wa Bungoma na Kitale

Masanduku ya bati katika nyumba nyingi za Bungoma na Trans Nzoia bado yana nishani za mababu waliotumikia Keya, yaani King's African Rifles. Waliozipokea wengi wameshaaga dunia. Wajukuu wanakutana na mnunuzi anayetaja bei kabla wao hawajajua wanauza nini. Kanuni ya kwanza ya kukumbuka ni hii: thamani ya nishani ya Keya iko katika ushahidi unaoiunganisha na mtu aliyeivaa. Ukaguzi wote unaofuata una lengo la kuuthibitisha ushahidi huo.

Tahadhari moja kabla ya kuanza. Ukikuta bastola ya zamani ndani ya sanduku hilo, usiiguse wala usiipeleke kwa mnunuzi. Kumiliki silaha bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Iache ilipo na uwaarifu polisi. Nishani unaweza kuendelea kuzikagua.

Anza na ukingo

Shika nishani kwa pembeni, uizungushe polepole chini ya mwanga huku ukitumia kioo cha kukuzia. Nishani za Vita vya Kwanza zilipigwa jina la askari kwenye ukingo, pamoja na namba, cheo na kikosi. Ile ya fedha yenye kichwa cha Mfalme George V upande mmoja, na mpanda farasi upande wa pili, ni British War Medal. Ile ya shaba nyeusi yenye mwanamke mwenye mabawa ni Victory Medal, na utepe wake una rangi za upinde wa mvua. Kwa askari wa Keya, tafuta ufupisho "K. Afr. Rif."

Herufi halisi zilipigwa kwa mashine: zina kina kimoja na zimejipanga sawasawa. Herufi zilizochorwa kwa mkono zinahitaji maelezo kabla hujatoa pesa. Pima pia kipenyo kwa kalipa. Nishani hizi mbili zina kipenyo cha takriban milimita 36. Ukingo uliopigwa tupa ili kufuta jina huwa mwembamba mahali fulani, na kidole hulihisi bonde hilo hata pale jicho lisipoliona. Nishani iliyofutwa jina imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na jina jipya lililoandikwa juu ya lile lililofutwa ni udanganyifu.

Nyota za 1939 hadi 1945

Hapa ndipo wengi hukosea. Nyota na nishani za Vita vya Pili walizopewa askari wa Keya zilitolewa bila jina. Kwa hiyo nyota tupu ndiyo ya kawaida, na ile yenye jina ndiyo ya kuulizwa maswali. Huenda mwenyewe aliilipia kwa fundi, huenda muuzaji ameiongezea hadithi, au huenda ilikuwa ya mwanajeshi wa Afrika Kusini, kwa kuwa nchi hiyo iliandika majina kwenye nishani zake. Uwezekano huo wa mwisho usiupuuze huku Kitale, ambako walowezi wenye asili ya Afrika Kusini walilima mashamba.

Nyota halisi ina ncha sita na ilipigwa kwa muhuri kutoka bamba la madini ya rangi ya manjano. Herufi zinazozunguka taji ni kali na zinasomeka vizuri. Nakala iliyomiminwa kwenye kalibu ina vitundu vidogo, herufi zake zimelainika kama sabuni iliyotumika, na mara nyingi ni ndogo kidogo kwa sababu madini husinyaa yanapopoa. Utepe uweke chini ya taa ya kukagulia noti bandia dukani. Nyuzi nyingi za kisasa hung'aa kwa mwanga wa samawati, lakini pamba ya zamani haing'ai hivyo. Hata hivyo, utepe mpya peke yake haumaanishi kwamba nyota ni bandia, kwani tepe huchakaa na hubadilishwa.

Soma seti nzima

Nishani za mtu mmoja lazima zikubaliane. Askari aliyepigana Uhabeshi mwaka 1941, kisha akaenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944, angeweza kuwa na 1939–45 Star, Africa Star, Burma Star, Defence Medal na War Medal, zikipangwa kwa utaratibu huo. Ukikuta Burma Star na Pacific Star katika seti moja, jua kwamba seti hiyo imeunganishwa na mfanyabiashara. Sheria za nishani ziliruhusu mtu kuvaa moja tu kati ya hizo mbili.

Kwa kuwa nyota hazina majina, karatasi ndiyo inayozungumza. Cheti cha kuachishwa jeshi, picha ya askari akiwa na sare, barua kutoka Burma au beji ya kitambaa yenye kichwa cha kifaru, alama ya Divisheni ya 11, vinaweza kuigeuza seti ya kawaida kuwa kumbukumbu yenye mwenyewe.

Bei inapandishwa na nini

War Medal na 1939–45 Star zilitengenezwa kwa mamilioni, na moja isiyo na karatasi haina bei kubwa. British War Medal ina takriban aunsi 1 ya fedha, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha bei yake. Sonara anayekulipa kwa uzito tu anakupunja. Africa General Service Medal yenye kibao kilichoandikwa "Kenya", iliyotolewa kwa operesheni za 1952 hadi 1956, ina jina ukingoni, na historia yake ni nzito kwa familia za pande zote mbili za vita hivyo. Juu kabisa ziko nishani za ushujaa: Military Medal, na Distinguished Conduct Medal iliyoandikwa King's African Rifles. Ukiona mojawapo, simamisha biashara yote mpaka jina lihakikiwe katika kumbukumbu rasmi za tuzo hizo.

Kabla ya kuuza

Usiing'arishe kwa Brasso, maana hula herufi na kufuta rangi ya uzee. Usiitenganishe seti. Piga picha za pande zote, ukiwemo ukingo, kisha uandike jina la babu, kijiji chake na vita alivyopigana, kama wazee wanavyovikumbuka.

Makumbusho ya Kitale yenyewe yalianza kama mkusanyo wa mtu mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyeuachia taifa. Familia isiyotaka kuuza inaweza kuuliza huko kwanza. Na anayeuza, auze nishani pamoja na karatasi zake, kwa mnunuzi anayekubali kuliandika jina la askari kwenye risiti. Anayekataa kuliandika, usimuuzie.