Kwa nini Mgiriama wa runingani ni bawabu?

Marehemu Benson Wanjau hakuwa Mjaluo. Huwa nalisema hili darasani kila mwaka, na kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kushtuka. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, aliyetuchekesha miaka na mikaka katika KBC, Mama Kayai akiwa ubavuni pake, alikuwa Mkikuyu aliyeazima lafudhi ya Kijaluo akaivaa kama kanzu aliyopimiwa na fundi. Alipofariki Julai 2015 alililiwa na nchi nzima, Wajaluo wakiwemo. Basi kuazima lafudhi si dhambi. Hoja ni kile mtu anachokifanya nayo akishaiazima. Ojwang' alikuwa mume, baba, mlalamishi, mjanja anayejitega kwa ujanja wake. Alihoji na kujibu. Lafudhi ilikuwa njia tu, na mtu alikuwa ndani yake.

Nimekuwa nikiwaza haya likizo hii nikiwa hapa Marereni, ambako jioni, chumvi ikishakwanguliwa mabwawani na jua likishatua, kazi kubwa ni runinga. Nimetazama mengi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Nimetazama tamthilia za Kituruki za Azam TV zilizoingiziwa sauti za Kiswahili, na nakiri Kiswahili chenyewe ni safi, sarufi imenyooka, ila mara nyingine husikii kama watu hao wana kwao: tajiri na mtumishi wake huongea kama waliosoma taarifa ya habari pamoja. Nimeingia pia kibandani na vijana kumsikiliza DJ Afro akisimulia filamu ya mapigano. Hicho ni kitu kingine kabisa! Wasanifishaji wenzangu wanisamehe, lakini yule bwana hatafsiri maneno, anatafsiri mtazamaji. Mhusika wa Kichina akipigwa teke, kibanda kizima kinaambiwa ameangukaje, kwa nini, na anadaiwa nani. Sheng imejaa, ndiyo, na upatanisho wa ngeli ukienda likizo haurudi. Hata hivyo hakuna aliyelala.

Nililotaka kulisema hasa ni la tamthilia zetu wenyewe, za Kenya, zinazodai kuonyesha Pwani.

Tuanze na kusifu. Sultana, tamthilia ya Jiffy Pictures ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan iliyoanza kupeperushwa na Citizen TV mwaka 2022, iliweka msichana kipofu wa Pwani katikati ya hadithi, katika saa ambazo nyumba nyingi huwa macho. Hilo si jambo dogo. Kabla ya hapo Mpwani wa runingani aghalabu alikuwa mgeni wa kupita, ametumwa kuleta chai au kuleta majini. Pia ilitusikilizisha mahadhi ya usemi wa huku kwa muda mrefu, si kwa sentensi mbili tatu za kutia ladha.

Walakini hebu tazama jinsi tamthilia zetu, nyingi tu, zinavyogawa ndimi. Bibi wa nyumba kubwa atapewa Kiswahili chenye marashi, "jamani" na "wallahi" kila mstari. Kijana wa Nairobi atapewa Sheng. Kisha anatokea mlinzi langoni, au mgema, au mganga wa porini mwenye hirizi, na hapo ndipo Kigiriama kinaporuhusiwa kupita. Anafungua mdomo, watazamaji wanacheka, analifunga lango, hadithi inaendelea bila yeye. Mimi ni Mgiriama. Najua walinzi wetu ni wengi, na wagema vilevile. Kazi ni kazi. Nauliza tu mbona daktari hatoki kwetu, wala hakimu, wala hata yule mpenzi anayelia mvuani.

Na lafudhi yenyewe haifanyiwi utafiti. Mwigizaji amesikia kwamba Wagiriama husema "dz", basi anainyunyiza kama pilipili. Nilimsikia bawabu mmoja akimwita msichana "Dzawadi". Jina la Zawadi limejaa vijijini mwetu, na sijapata kumsikia bibi kizee yeyote akilitamka hivyo. Sauti ina kanuni zake. Pale Kiswahili kinaposema maji, mji na jana, Kigiriama husema madzi, mudzi na dzana. Haiko popote mtu apendapo.

Wala dz si j iliyoshindikana. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha 1993, walikiweka Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kikomoro na Kielwana katika kundi moja la lugha za Kisabaki, jina la mto huu huu tunaouvuka tukitoka Malindi kuja Marereni. Ni lugha ndugu, na kila moja iliichukua sauti ya kale ikaenda nayo kivyake. Mwamu naye hasemi maji, husema mai. Mji kwake ni mui. Mshairi wa Lamu akituandikia "mai" twatikisa kichwa na kusema, aa, huo ndio ushairi, hiyo ndiyo lahaja kongwe. Kijana wa Marereni akisema "madzi" twamcheka. Chumvi hii inayotoka hapa na kufika katika kila sufuria ya nchi, Mgiriama huiita munyu, neno ambalo Waswahili wa kale walilijua vilevile. Ni neno la heshima likiwa kamusini, la kichekesho likiwa kinywani.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Ana sauti ya kengele na akili ya kukumbuka shairi zima kwa kulisikia mara mbili. Wenzake walipokuwa wakijaribiwa kwa ajili ya tamasha la maigizo, yeye alikataa. Nilimuuliza kulikoni.

"Mjomba, nikifungua mdomo watanipa ile ya soja."

Hakuna aliyemwambia hivyo. Ameyatazama tu, kama mimi, jioni baada ya jioni. Ndiyo sababu sikubali kuambiwa kwamba huu ni mzaha na wazee tumekosa ucheshi.

Inawezekana kufanya vingine. Mtazame Amil Shivji katika Vuta N'Kuvute, filamu ya 2021 iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya 1999. Watu wa Unguja humo wanapenda, wanapanga siasa, wanasalitiana, wote kwa Kiswahili cha kwao, bila kamera kugeuka kumkonyeza mtazamaji kwamba, sikia anavyosema huyu. Filamu ina mahali inaponichosha, hasa picha nzuri zinapokaa muda mrefu kuliko hadithi. Ila ndimi zimeheshimiwa.

Na sisi wenyewe tulishafanya, zamani, kwa muziki. Fundi Konde, aliyezaliwa 1924, alikuwa Mgiriama. Aliwatumbuiza askari wakati wa Vita Vikuu vya Pili hadi huko Burma, akarudi na gitaa lake, na nyimbo kama Tausi na Majengo Siendi Tena zikaimbwa na watu ambao hawakuwahi kuijua njia ya Malindi. Rekodi zake za kati ya 1947 na 1956 zilikusanywa upya na RetroAfric ya Uingereza. Nazisikiliza nikiandika haya. Sauti haina haraka, haijipambi, wala haina haja ya "wallahi". Wakati wa ukoloni, Mgiriama aliweza kuwa sauti ya mapenzi ya Afrika Mashariki kwa Kiswahili. Baadaye Them Mushrooms wakaja na Jambo Bwana mwaka 1982, ikazunguka dunia. Naipenda, ingawa hakuna mwana wa Pwani anayemsalimu mwenzake "jambo" tupu isipokuwa hotelini. Hata hapo, ukiangalia sana, tulikuwa tumeshasimama mlangoni kukaribisha wageni.

Wanaoandika miswada wako Nairobi na Mombasa, na Marereni si mbali. Basi za Garsen na Lamu zapita hapa. Waje wakae wiki moja wasikilize wakwanguaji chumvi wakibishana juu ya mshahara. Kisha wamwandikie daktari. Anaingia wodini usiku, amechoka, anamwambia muuguzi amletee madzi. Muuguzi anamletea. Daktari anakunywa, anachukua faili la mgonjwa, na hakuna anayecheka.