Gemu za Shamba na Salamu

Fundi wa gemu za vita ana msaidizi mkubwa: woga. Mchezaji anayehofia kuuawa habanduki kwenye kioo. Fundi wa gemu za upole hana msaidizi huyo. Kazi yake ni kumfanya mtu apende kumwagilia tuta lilelile kila asubuhi, na huo ndio ufundi ninaouheshimu kuliko mwingine wote katika fani hii.

Mjapani Yasuhiro Wada alifungua njia mwaka 1996 kwa Harvest Moon. Miaka 20 baadaye Mmarekani Eric Barone akatoa Stardew Valley, aliyoitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne: picha, muziki, maneno, programu, vyote mkono wake. Tangu 2019 inachezwa kwenye simu za Android, hivyo kijana wa Karatu anayengoja basi la Arusha anaweza kulima huku amekaa.

Unarithi shamba la babu lililojaa magugu na mawe. Ila uhondo hasa uko kijijini. Mzee George, aliye kwenye kiti cha magurudumu, anajinyoosha kuchukua barua, haifikii. Binti Penny anamsogeza pembeni, anamtolea. Mzee anafoka kwamba angeiweza mwenyewe! Kisha unaulizwa wewe uliyekuwa ukitazama: unaonaje? Wema wa Penny ni wa kweli, na hasira ya mzee ni ya haki. Hakuna risasi iliyopigwa, lakini kidole kinasita juu ya kioo.

Kwetu mambo ya namna hiyo yamejaa. Ngorongoro, mtoto wa Kimaasai humwinamia mzee ili aguswe kichwani. Natamani gemu yenye kitendo hicho, na mzee anayekumbuka nani alipita bila kuinama.

Natamani zaidi gemu ya vitunguu vya Mang'ola, kule kando ya Ziwa Eyasi. Kwa Barone kila mtu ana kopo lake na maji hayagombewi. Mang'ola maji ya chemchemi hupita mferejini, shamba hadi shamba, kwa zamu. Jirani akifungulia usiku kabla ya zamu yake, na wewe unajua mwanawe anaumwa, utamwambia nini asubuhi mkikutana? Fundi atakayeichora Mang'ola itabidi aandike majibu yote, kisha aamue kila jibu litamfanya jirani huyo akusalimie vipi kesho yake.