Suti ya Rangi ya Waridi

Tumekitazama kitabu cha picha cha Mwitaliano Daniele Tamagni, Gentlemen of Bacongo, kilichotoka mwaka 2009. Mabwana hao ni wasapeur wa Bacongo, mtaa wa Brazzaville. Juu ya jalada mmoja wao anapita njiani: suti ya rangi ya waridi, kofia nyekundu, sigara kubwa. Sisi tuliutazama mwendo wake kuliko suti. Mtu huyu haombi ruhusa ya kupita.

Mpiga picha hakuwacheka, na hapo ndipo sifa yake. Wanayo kanuni: rangi za vazi zisizidi tatu. Basi mwenye kujichagulia hivyo kila asubuhi huzoea kujitawala, hata kama hana kazi.

Ng'ambo ya mto, Kinshasa, serikali nayo iliijua nguvu ya nguo. Mobutu alikataza tai, wanaume wakavaa abakosti, mpaka 1990. Papa Wemba na vijana wake walishika suti za Ulaya, nao hawakuinama.

Lakini kitabu kinatuonyesha njia tu. Nyumbani hakiingii sana. Viatu vile vya bei kali, nani alivilipa? Mke alisemaje? Sisi tulimjua mwalimu mmoja mwenye shati jeupe moja tu. Alilifua usiku, akalipiga pasi ya makaa alfajiri, akasimama mbele ya watoto kama mfalme. Mtu wa namna hiyo tulimtafuta katika kurasa hizi, hatukumwona.