Utulivu wa Moyo Katika Barua ya Thich Nhat Hanh

Vitabu vya kufundisha utulivu wa moyo vimekuwa vingi katika zama zetu, na vilivyo vingi havistahili kusomwa mara ya pili. The Miracle of Mindfulness cha Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kibudha wa Vietnam, chastahili. Nakusudia kukitazama hapa kama kazi ya maandishi, wala si kama dawa, kwa kuwa sifa kilizopewa kama dawa zimekifunika kiasi ambacho wasomaji wake wengi hawajui walichokishika mkononi.

Walichokishika ni barua. Mwaka 1974, vita vya Vietnam vilipokuwa havijakoma, mtawa huyu alikuwa uhamishoni Ufaransa. Alikuwa ametoka kwao mwaka 1966 kwenda kuombea amani katika nchi za Magharibi, akazuiwa kurudi. Kutoka huko alimwandikia kwa Kivietnam ndugu mmoja aitwaye Quang, mtumishi mkubwa wa Shule ya Vijana ya Huduma za Jamii. Shule hiyo, ambayo yeye mwenyewe alishiriki kuiasisi katika miaka ya 1960, ilipeleka vijana mashambani kuwajenga upya watu waliobomolewa nyumba zao kwa mabomu, na kufungua madarasa na zahanati. Ilikataa kuegemea upande wowote wa vita, kwa hiyo ilishukiwa na pande zote. Na baadhi ya vijana wake waliuawa. Barua ilitafsiriwa kwa Kiingereza na Mobi Ho, ikatoka Marekani mwaka 1975.

Msomaji akilijua hili, kurasa zote hubadilika. Mafundisho ya kuvuta pumzi taratibu, ya kutembea huku mtu ajua kwamba atembea, ya kunywa chai pasipo haraka, hayakuelekezwa kwa mtu aliyechoshwa na kazi ya ofisini. Yalielekezwa kwa vijana ambao kesho yao ilikuwa haijulikani, na ambao hatari yao kubwa baada ya kifo ilikuwa kuingiwa na chuki au kukata tamaa, wakaacha kazi. Utulivu katika barua hii ni posho ya safari. Anayeigeuza kuwa mto wa kulalia ameisoma barua ya mtu mwingine akadhani ni yake.

Sehemu iliyopata umaarufu kuliko zote ni ile ya kuosha vyombo. Mwandishi asema ziko njia mbili za kuosha vyombo: kuviosha ili viwe safi, na kuviosha kwa ajili ya kuviosha. Anayeharakisha ili akanywe chai hatainywa chai pia, maana moyo wake utakuwa umekwisha kwenda mahali pengine. Wazo hili limenukuliwa mpaka limechakaa. Lakini tazama jinsi lilivyojengewa msingi. Mwandishi akumbuka siku alipokuwa mwanafunzi wa utawa katika hekalu la Tu Hieu, karibu na mji wa Hue. Katika majira ya mafungo watawa wote walirudi hekaluni, na wanafunzi wawili tu waliwapikia na kuwaoshea vyombo watu waliopita mia moja mara nyingine. Sabuni haikuwako. Walikuwa na majivu, makapi ya mpunga na makumbi ya nazi, na wakati wa baridi maji yalikuwa makali kama barafu.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa makumbi ya nazi na majivu. Bibi zetu walisugulia masufuria kwa vitu hivyo hivyo, na aliyewahi kusugua ajua vidole hubakiwa na nini. Nguvu ya ukurasa huu, kwa maoni yangu, yatoka katika taabu hiyo. Mwandishi hasemi kwamba kazi ni tamu. Asema aliifanya ilipokuwa chungu, ndipo apata haki ya kutuambia tulitazame kila bakuli kama kitu kitukufu. Ondoa makumbi na baridi, kama wafanyavyo wanaomnukuu, na kinachobaki ni ushauri ambao bwana wa nyumba angeweza kumpa mtumishi wake ili asinung'unike.

Hapa ndipo penye swali zito, na sidhani barua imelijibu lote. Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki vyombo huoshwa na wanawake na watoto wa kike, wala hawakuchagua. Kumwambia binti aliyeamshwa alfajiri kwamba atulize moyo juu ya sufuria ni neno jema au ni hatamu, kutegemea nani asema. Thich Nhat Hanh aliliepuka kosa hili kwa kuwa alisema na watu walioichagua kazi yao, na alikuwa mmoja wao. Wafuasi wake wa leo hawana udhuru huo. Mafunzo yalipokwisha kuingia hospitalini, kama alivyoyaingiza Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika chuo cha udaktari cha Massachusetts kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ya kudumu, yalifanya kazi ya rehema. Walakini yanapoingia katika makampuni ili wafanyakazi wavumilie saa ndefu, yafaa tuulize bakuli ni la nani.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, maana kwetu sisi tunaoandika Kiswahili mambo mengi husimama au huanguka hapo. Neno la Kiingereza, mindfulness, lilitumiwa na T. W. Rhys Davids mwaka 1881 kufasiri neno sati la lugha ya Kipali, ambalo asili yake ni kumbukumbu. Wavietnam husema chánh niệm, na niệm ni neno lililotoka kwa Wachina, ambao huliandika kwa alama mbili, moja juu ya nyingine: juu "sasa," chini "moyo." Waingereza walipoteza moyo wakabaki na akili. Sisi tukifuata Kiingereza tutaandika "umakini" au "uangalifu," maneno ya mwalimu anayesahihisha hesabu. Sioni sababu ya kuyafuata, kwa kuwa lugha yetu imekwisha kuwa na hazina yake. Tunalo jina la ugonjwa: kughafilika. Tunalo na jina la uzima: kuhudhurisha moyo, kama aambiwavyo mtoto anapofundishwa kusali. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoeleza maana za ndani za sala alitanguliza hudhuri ya moyo mbele ya nyingine zote.

Atakayeifasiri barua hii atumie "hudhuri ya moyo," lakini ajue anakopa. Moyo wa mwenye kusali huhudhuria mbele ya Mola. Moyo wa mtawa huhudhuria mbele ya bakuli, na nyuma ya bakuli hamna bwana wa kuabudiwa. Mfasiri hapaswi kuifuta tofauti hiyo kwa adabu. Aiache ionekane, na msomaji Mwislamu au Mkristo ataamua mwenyewe kiasi gani anaweza kuchukua.

Kuna mahali barua yanishawishi kidogo tu. Mwanzoni yaeleza habari za rafiki aitwaye Allen, aliyekuwa akiugawa muda wake mafungu: fungu la mwanawe, fungu la mkewe, fungu la nafsi yake. Akagundua kwamba akiuhesabu muda wa mwana na mke kuwa wake pia, muda wake hauishi. Ni ugunduzi wa werevu. Hata hivyo yaonekana bado ni mtu anayehesabu mali. Linganisha na utenzi ambao Mwana Kupona wa Lamu alimwandikia binti yake mwaka 1858, mwenyewe akiwa mgonjwa. Pale uangalifu wa mambo ya kila siku, manukato, chakula, usingizi wa mume, wamwelekea mtu mwingine moja kwa moja. Twaweza kugombana na Mwana Kupona juu ya cheo alichompa mke, na wengi wamegombana naye. Lakini mama huyo ajua jambo ambalo Allen hajalijua, kwamba muda uliotolewa kwa mwenzio si lazima urudi katika daftari lako ili uwe na maana.

Kisa cha Tolstoy juu ya mfalme na maswali yake matatu nacho kimeingizwa baadaye, kwa urefu. Mfalme ataka kujua ni wakati gani ulio bora, ni watu gani walio muhimu, na ni kazi gani ya kutangulizwa. Ajibiwa kwamba wakati ni huu, mtu ni huyu uliye naye, na kazi ni kumtendea mema. Kisa ni kizuri, ila adui ajaye kumwua mfalme ajeruhiwa kwa bahati mahali hasa panapofaa, akapona kwa mkono wa mfalme. Mambo hayo hayatukii kwa mpango huo katika kijiji kilichopigwa mabomu, na Quang alijua. Machungwa madogo ya Jim Forest yafundisha zaidi kwa maneno machache: kijana amekaa chini ya mti, azungumza mipango ya siku zijazo, na kabla hajatafuna kipande kimoja atia kingine kinywani. Chenza limekwisha naye hajala chenza.

Mwisho wa kitabu yamepangwa mazoezi, na hayo husomwa kwa kurukwa. Watu huchukua zoezi la tabasamu na la pumzi, wakaliacha lile la kujitazama kuwa mifupa mitupu iliyolala ardhini. Msomaji wa Al-Inkishafi hatashangaa kulikuta. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliushika moyo wake mwenyewe, akauonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu, na wenye fahari waliokuwamo walivyolazwa mchangani, ili uache kughafilika. Mshairi autisha moyo, mtawa autuliza. Ila wote wawili waupeleka mahali pamoja kwanza, na mahali pale ndipo wauzaji wa utulivu wa siku hizi wasipotaka kumfikisha mnunuzi.