Herufi 160 za mama mjamzito

Mama anayejiandikisha kwenye PROMPTS, huduma ya meseji za bure ya shirika la Jacaranda Health la Kenya, hapakui programu yoyote wala habofyi kiungo. Meseji zinamfikia kwenye simu aliyonayo, hata kama ni ya kitochi, kulingana na umri wa mimba au wa mtoto wake. Akiwa na swali, anajibu hapohapo. Upande wa pili kuna mfumo wa akili mnemba unaosoma maswali hayo, kuyapanga kwa uharaka na kuandaa rasimu za majibu. Shirika lisilo la kiserikali likitamani zana ya namna hii, kikao cha kwanza kwa kawaida huishia kwenye mjadala wa modeli ipi itumike. Jacaranda walianzia kwingine, na kwa mtu wa Moshi anayefikiria kitu kama hicho kwa ajili ya miteremko ya Kilimanjaro, mpangilio wa kazi yao una mafunzo mengi kuliko modeli yenyewe.

Walianza na maswali. PROMPTS ilikuwa ikifanya kazi miaka kadhaa kabla ya modeli kubwa za lugha kuwa gumzo la dunia. Wahudumu wa dawati la msaada walikuwa wakisoma meseji za akina mama na kuzijibu wenyewe, na kila swali likabaki kwenye kumbukumbu pamoja na jibu lake. Hazina hiyo haipatikani kwenye intaneti. Vitabu vya uzazi vinaandika “kupungua kwa mijongeo ya mtoto tumboni”; mama anaandika “mtt hachezi tangu jana”. Mwingine anaweka tarakimu mahali pa silabi, mwingine anachanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja. Mashine isiyowahi kuona uandishi wa aina hiyo itamwelewa daktari, na mama itampita.

Kazi ya kwanza waliyoipa mashine ilikuwa kuchuja. Swali la chakula na swali la kutokwa damu hayapaswi kukaa kwenye foleni moja kwa sababu tu yaliingia kwa kufuatana. Mfumo unatambua mama anauliza nini na kwa uharaka gani, kisha wenye dalili za hatari wanapandishwa juu ili mhudumu awashughulikie mapema na kuwaelekeza hospitalini. Hapa ndipo ubunifu wao ulipo hasa: waliamua mapema ni maswali gani ya mashine na ni yapi ya binadamu, na wakaipa mashine kazi ndogo inayopimika kabla ya kuiruhusu kuandika. Mchujo ukikosea, kosa linaonekana na linarekebishwa. Mashine iliyoachiwa kuandika tangu siku ya kwanza hukosea kwa Kiswahili fasaha, na ufasaha unaficha kosa.

Uandishi ulikuja baadaye. Julai 2023 kampuni ya Meta ilitoa Llama 2, modeli ambayo mtu yeyote angeweza kuipakua na kuifanyia mabadiliko. Kwa Kiswahili ilikuwa dhaifu mno. Karibu asilimia 90 ya maandishi iliyofundishiwa yalikuwa ya Kiingereza, na kwenye orodha ya lugha ambazo Meta walizitaja kwa asilimia, Kiswahili hakikuwemo kabisa. Tatizo halikuwa maarifa tu. Modeli hizi husoma maneno kwa vipande, na orodha ya vipande 32,000 vya Llama 2 ilitokana na lugha nyingine. Neno kama “wanaomnyonyesha” lilikatwakatwa kuwa vijisehemu vingi visivyo na maana. Kila kipande kinahesabiwa, kwa hiyo sentensi ya Kiswahili inakuwa ndefu kwa mashine, ya gharama na rahisi kupotoshwa.

Jacaranda waliongeza vipande vya Kiswahili kwenye orodha hiyo, wakaifundisha modeli upya kwa maandishi ya Kiswahili yenye vipande zaidi ya milioni 320, kisha wakaipa mazoezi ya kufuata maelekezo na kujibu maswali. Oktoba 2023 wakaitoa hadharani kwa jina la UlizaLlama, ikiwa na vigezo bilioni 7, ili mashirika mengine yaitumie bure. Ndani ya PROMPTS rasimu zake zilipita kwanza mikononi mwa wahudumu wa dawati, ambao wangeweza kuzikubali, kuzisahihisha au kuzitupa. Kila sahihisho ni somo jingine kwa mashine.

Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo timu za maudhui hulipuuza, nalo linakula bajeti. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160, ilimradi kila alama iliyomo iwe kwenye orodha ya msingi ya mitandao ya simu. Ikiingia alama moja tu iliyo nje ya orodha, meseji nzima hubadilishiwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Kiswahili kina bahati, kwani herufi zake zote zimo. Ila chukua ushauri huu: “Usimpe mtoto maziwa ya ng'ombe kabla hajatimiza miezi 6.” Alama ya ritifaa katika “ng'ombe” ikiwa imenyooka, hakuna tatizo. Ikiwa imepinda, kama mashine nyingi na programu za kuandikia zinavyopenda kuipamba, iko nje ya orodha. Meseji ya herufi 150 iliyolipiwa kama moja inageuka kuwa tatu, na kwa kuwa mama halipi, shirika ndilo linalolipa. Mstari mmoja wa programu unaonyoosha alama hizo kabla ya kutuma unaokoa fedha nyingi kuliko mabishano ya wiki nzima kuhusu modeli.

Sasa tuihamishie zana hiyo Kilema, upande wa Vunjo, ambako hospitali ya misheni inahudumia vijiji vya migombani na wagonjwa wazito hushushwa hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi. Lugha ni ileile, lakini mambo mengi yanabadilika. Kenya ilifuta mfuko wake wa bima ya afya, NHIF, na nafasi yake ikachukuliwa na mamlaka mpya, SHA, Oktoba 2024. Tanzania bado ina NHIF yake. Mashine iliyojifunza kwa maandishi ya Kenya ya 2023 inaweza kumshauri mama kuhusu bima kwa herufi nne sahihi na utaratibu wa nchi nyingine. Ndiyo maana majibu yaliyoidhinishwa lazima yakae kwenye maktaba yenye tarehe na jina la nchi, na mashine ichote humo, isitegemee kumbukumbu yake.

Dharura nayo ina njia yake. Tanzania ina mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kutangazwa wa kitaifa mwaka 2022. Mtu anapiga 115 bure, na mratibu anatafuta gari la wagonjwa au dereva wa kijamii aliye karibu. Kwa mama wa Kilema aliyeanza kutokwa damu usiku wa mvua, namba hiyo inatakiwa kuwa mwanzoni kabisa mwa meseji, kabla ya pole na kabla ya maelezo.

Halafu kuna chakula. Mzazi wa Kichaga hupewa mtori, supu nzito ya ndizi, na bibi ndiye anayeusimamia. Ushauri wa lishe usioujua mtori utasomwa kama maneno ya wageni, hata ukiwa sahihi kitabibu. Hakuna modeli itakayolijua hilo bila kuambiwa, na wa kuiambia ni muuguzi wa kliniki na bibi mwenyewe.

Kwa timu za usanifu zinazotengeneza mabango na vipeperushi, hatari inaongezeka kwenye picha. Mwaka 2023 mtafiti Arsenii Alenichev na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet Global Health jaribio la kuiagiza mashine ya picha ichore madaktari Waafrika weusi wakiwatibu watoto wazungu. Katika picha zaidi ya 300, wagonjwa walitoka karibu wote wakiwa weusi. Mashine ilikuwa inarudisha ilichofundishwa na miongo ya picha za misaada. Kilema ina akina mama halisi na wauguzi halisi. Mpiga picha wa Moshi, kwa ridhaa yao ya maandishi, atafanya kazi ambayo mashine imeshaonyesha kuwa haiiwezi.

Ridhaa hiyo ni suala la sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti. Shirika linalotaka kukusanya maswali ya akina mama, ambayo ndiyo malighafi yote ya zana hii, lijisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, liamue majina na namba za simu zitaondolewa na nani, na limweleze mama hayo siku anapojiandikisha, akiwa bado amekaa kwenye benchi la kliniki na muuguzi yupo mbele yake wa kumuuliza.