Uzito wa Jahazi: Kazi ya Mkono na Kompyuta katika Filamu

Chukulia kwamba mtunzi wa filamu ataka kuonyesha jahazi likizama katika ghuba ya Funzi, kusini mwa Msambweni, unakomwagika mto Ramisi. Ana njia mbili. Ya kwanza ni kumpa fundi mbao, tanga na kamba aunde chombo kidogo cha mfano, kisha kizamishwe mbele ya kamera. Ya pili ni kulichora jahazi pamoja na mawimbi yake kwa kompyuta. Aghalabu husemwa kwamba njia ya pili imeiua ya kwanza. Makala haya yanadai kwamba kauli hiyo haielezi kinachopotea hasa.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni Jurassic Park (1993) ya Steven Spielberg. Phil Tippett alikuwa ameajiriwa kuwahuisha wanyama kwa vinyago vinavyosogezwa kidogo kidogo, picha baada ya picha. Kompyuta ikaichukua kazi hiyo. Hata hivyo, Tippett alibakizwa awaongoze wachoraji wa kompyuta, kwa kuwa alijua jinsi mnyama mzito anavyokanyaga. Aidha, vinyago vikubwa vya mitambo vya Stan Winston vilitumika katika filamu hiyo hiyo. Kompyuta, basi, ilirithi maarifa ya mkono.

Afrika Mashariki yatoa ushahidi wa namna nyingine. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Bunduki za maigizo ziliundwa kwa vyuma chakavu; helikopta zinazoushambulia mji zilichorwa kwa kompyuta. Kompyuta iliingia, na mkono haukutoka. Mtazamaji huiona hila waziwazi na kuifurahia, kama msikilizaji wa ngano ajuaye fika kwamba sungura hasemi.

Kasoro ya wanaoomboleza ni kudhani kwamba thamani ya kazi ya mkono ni uhalisi wake. Katika uhalisi, kompyuta yaweza kushinda. Thamani hiyo imo katika ukinzani wa maada: ubao hukataa kupinda, maji huingia pasipotarajiwa, na msanii hulazimika kubuni upya. Hata programu inapokokotoa mawimbi, hufuata kanuni iliyokwisha kuchaguliwa.

Kwa hiyo hatari haimo katika chombo kipya, bali katika kumwacha fundi aondoke bila kurithiwa. Mchoraji ambaye hajapata kusikia ubao ukilia atachora jahazi lisilo na uzito, na mtazamaji wa Funzi atakuwa wa kwanza kulitambua.