Mapenzi Yaliisha, Tango Ikabaki

Ukisoma matangazo yake, Un tango más ni filamu ya mapenzi. Usidanganyike. German Kral aliitoa mwaka 2015, na ndani yake kuna wapenzi wawili kweli: María Nieves na Juan Carlos Copes, waliokutana Buenos Aires wakiwa bado matineja, wakacheza tango (hapana, si lile la kachumbari) kwa karibu miaka 50. Lakini mapenzi yalivunjika kitambo. Kilichobaki ni kazi. Walipanda jukwaani usiku baada ya usiku wakiwa hawapatani, na bado miguu ikaelewana.

Copes anaongea kama mwenye mali. Alisaidia kuitoa tango kwenye kumbi za mitaani hadi Broadway, apewe haki yake. Lakini mtazame Nieves, mtoto wa familia maskini aliyejifunza hatua akicheza na fagio. Copes alipokatiza ushirikiano wao, akaendelea na wachezaji wengine, hata na binti yake. Nieves, aliyezoea mwili wa mtu mmoja tangu usichana, ikabidi ajue kama tango ilikuwa yake au ya huyo bwana. Swali hilo ndilo filamu yenyewe. Na nyanya wa miaka 80 analijibu akisimama tu, kabla hajapiga hatua.

Ndiyo maana zile sehemu za kuigiza ujana wao, vijana warembo, taa safi, zinanichosha. Nieves akisimulia mwenyewe, nani anahitaji maigizo?

Halafu kuna mizizi. Kral anaishia kwenye kumbi za ujana wao, kana kwamba tango ilizaliwa hapo. Kabla yake kulikuwa na Waafrika waliopelekwa Río de la Plata utumwani, na ngoma yao ya candombe. Dom Pedro, mwongozaji kutoka Angola, aliwafuata katika Tango Negro (2013). Hata milonga, jina la mikusanyiko ya kucheza tango, watafiti wengi hulirudisha kwenye Kikimbundu cha Angola: mulonga ni neno, milonga ni maneno. Sikia hizo mu- na mi-. Sisi tunaosema "kulonga" tunahitaji mkalimani wa nini?

Ukizipata zote mbili, anza na ya Dom Pedro, halafu umtazame Nieves akiingia ukumbini.